Wembe Uliopita

Mwezi wa pili, saa tisa alasiri, Mabogini.
Mpunga umeshavunwa, majaruba yamepasuka kama nyayo zangu,
vumbi limelala kifudifudi
linasubiri wa kuliamsha.

Nilikuwa barazani, napepeta mchele.
Kwanza kuku walinyamaza.
Nikainua macho: kutoka upande wa miwa
kinakuja kisulisuli, chembamba,
kile tulichokizoea, ambacho watoto hukikimbilia
waingie katikati, watoke na kizunguzungu na kicheko.
Nikasema, kitachoka. Huwa vinachoka.

Hakikuchoka. Kilinenepa kila hatua,
kikameza mabua, kikameza mifuko ya mbolea,
kikameza kanga yangu nyekundu kambani
(hiyo sikuiona tena),
kikafika kwenye mgunga wa njia panda
kikasimama.
Naapa kilisimama, kama mgeni asomaye namba za milango.
Huku kwangu. Kule kwa Aikande.
Kikapinda kule.

Paa langu lina miaka kumi na tisa.
Bati zimekula kutu hadi rangi ya udongo wa Kibosho,
misumari mingine naing'oa kwa vidole,
na kona ya jikoni nimeikandamiza kwa tairi na mawe mawili.
Paa la Aikande lilikuwa la Novemba.
Bati la buluu, geji ishirini na nane,
fundi katoka Majengo na misumari yenye kofia za mpira,
tena Aikande alipanda ngazi mwenyewe kuihesabu.
Lake ndilo lililong'oka, lote, na mbao zake,
kwa sauti ya kitambaa kinapochanwa dukani.
Tairi langu halikusogea.

Katika Biblia upepo wa kisulisuli ulimchukua Eliya.
Kwetu ulichukua bati thelathini na mbili
na kumvunja mguu Ndewario, wa darasa la tano,
aliyekuwa amelala kwa sababu ana homa.

Dakika ishirini hazijaisha, mbingu zikapangusika,
mlima ukajitokeza, mweupe, umenyooka,
kama mtu aulizwaye akajibu: mimi nilikuwa ndani.

Jumapili mchungaji akauliza nani ana ushuhuda.
Walisimama wengi. Bwana ametupitia kando.
Bwana ametukinga.
Mimi nilishika benchi la mbele yangu nisije nikasimama,
maana kwenye benchi lile alikaa Aikande
na shingoni, chini ya kilemba, bado kulikuwa na vumbi.
Ningesema nini? Kwamba mkono ulionikinga
ulikuwa unasukuma upande wa pili?
Watu husema Mungu si Athumani. Nakubali.
Ila siku ile nilitamani awe Athumani kidogo,
nimkute kijiweni, nimuulize, anijibu.

Sikulisema kanisani, nalisema hapa:
bati lake moja liliangukia mihogo yangu,
zima, halina hata kunyanzi.
Nililisimamisha nyuma ya banda la kuku.
Siku tatu.
Nilijiambia nalihifadhi lisiibwe.
Usiku nilipiga hesabu: lingetosha pale kwenye tairi.
Siku ya nne nililibeba kichwani.
Aikande alikuwa anapika nje, chini ya turubai la kuazima.
Akaliangalia bati, akaniangalia mimi,
akasema, "Liweke hapo,"
akanimiminia uji.
Sijawahi kuchapwa kama nilivyochapwa na uji ule.

Mwenzio akinyolewa, wewe tia maji.
Nimetia.
Paa la Aikande limerudi, mabakamabaka, buluu na kijivu.
Ndewario anatembea, anachechemea mvua ikikaribia.
Na mimi, kila kuku wakinyamaza, natoka uani
kichwa kimelowa, shingo nimeinamisha,
nangoja wembe usio na haraka.
Siku usipokuja, nashindwa hata kushukuru:
sijui nitumie sauti gani,
na ukuta wa Aikande uko karibu hivi,
anasikia.